Kulungu Aliyeponyoka Haachi Nukta

Nilichokiona kwanza ni ile kola.

Ilikuwa Machi, saa moja kasoro asubuhi, na ziwa Kabetogama, huku Minnesota, Marekani, lilikuwa bado limeganda kiasi cha kubeba magari. Mwenzangu wa kazini, kaka mmoja wa Kisii anayependa kuvua samaki kwenye barafu kuliko anavyopenda usingizi, alizima injini ghafla, akanyoosha kidole. Mimi niliona kunguru tu. Halafu chini ya kunguru nikaona kitu cheusi kikisogea.

"Dada, usifungue mlango," alisema. "Ukifungua tu, hatumuoni tena."

Akanipa darubini. Kulungu alikuwa amelala ubavu, mbavu ziko wazi, na theluji kumzunguka imekuwa nyekundu kama udongo wa Njombe wakati wa masika. Mbwa mwitu alikuwa peke yake. Shingoni alikuwa na mkanda mpana, na chini ya koo kijisanduku kinaning'inia. Alikula, akainua kichwa, akasikiliza, akarudi kula. Tulikaa dakika arobaini na vioo vikaganda kwa pumzi zetu. Kisha akaondoka taratibu kuelekea msituni, bila haraka yoyote.

Nimekaa na ile picha tangu siku hiyo, mpaka theluji ikaisha.

Si damu iliyonisumbua. Nilikuwa nawaza kwamba mahali fulani kuna mtu amefungua kompyuta, na kwake yule mnyama ni nukta kwenye ramani. Mimi nimemwona kwa macho yangu mawili. Yeye hajamwona. Nani kati yetu anajua zaidi kuhusu kilichompata yule kulungu?

Maana hata mimi sikuona mawindo. Nilikuta mnyama anakula.

(Neno moja kabla sijaendelea. Huyu ninayemsema si yule wa kwetu mwenye masikio ya duara na madoa. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, mbwa mwitu, na huyu wa Marekani ndiye yule wa mahubiri, anayevaa ngozi ya kondoo. Na kulungu wa huku ana mkia mweupe anaousimamisha kama bendera akishtuka. Wa kwetu ni ndugu wa mbawala, si ndugu wa huyu.)

## Nukta sabini na mbili kwa siku

Hifadhi ya Taifa ya Voyageurs iko juu kabisa ya Minnesota, mpakani na Kanada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwemo Thomas Gable anayeongoza mradi wa mbwa mwitu wa eneo hilo, huwavisha wanyama hao kola za GPS zinazoandika mahali mnyama alipo kila baada ya dakika 20. Kwa siku ni nukta 72.

Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba ukiwa na nukta 72 unaona mawindo. Huoni. Unaona mwendo na unaona kusimama, basi. Mnyama akitembea, nukta zinaachana. Akitulia, zinarundikana. Rundo linaweza kuwa ni mahali alipolala, au mahali alipokula, au alipokaa tu akimtega mtu fulani asiyetokea. Kompyuta haijui tofauti.

Kwa hiyo mtu anavaa buti, anachukua zile namba, anaingia msituni kwa miguu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu watu hawa. Kola inafanya kazi bila jasho, lakini kila rundo la nukta lazima lifuatwe na binadamu, kwenye tope linalofika magotini, na mbu wa Minnesota ambao nisingependa kuwaeleza hapa. Wakati wa baridi kazi ni rahisi kidogo: kulungu mkubwa ana mifupa mingi, theluji inashika nyayo, na kunguru wanakuonyesha njia. Ukifika unasoma kila kitu. Wapi alikimbia, wapi alianguka, upande gani aling'atwa kwanza.

Kiangazi ni habari nyingine kabisa.

## Juni

Watoto wa kulungu huzaliwa kuanzia mwisho wa Mei na kuingia Juni. Anapozaliwa, mtoto ana kama kilo tatu hivi. Mama humlaza kwenye majani, huenda mbali ili asimvutie adui, na hurudi kumnyonyesha. Mtoto hakimbii. Anajikunja, anatulia, madoa yake meupe yanafanana na jua linalopenya majani, na harufu yake ni hafifu sana. Kinga yake ni kutokuwepo.

Na mbwa mwitu wa kiangazi haendi na kundi. Hili lilinishangaza. Kichwani mwangu mbwa mwitu walikuwa jeshi, wanakimbia wamepangana, mmoja kulia mwingine kushoto. Kiangazi, msitu ukiwa umefunga na mawindo yakiwa madogo, kila mmoja huenda kivyake. Anapita, ananusa, anageuka. Anamtafuta asiyetembea na asiyenuka.

Akimpata, anammaliza chini ya saa moja. Kwenye ramani hizo ni nukta mbili, labda tatu.

Sasa fikiria wewe ndiye umetumwa kwenye hizo nukta tatu, siku kadhaa baadaye. Hakuna mzoga wala kunguru. Unapiga magoti. Unafunua jani baada ya jani. Ukibahatika unapata ukwato usiozidi ncha ya kidole chako, kipande cha taya, nywele chache, tone la damu lililokauka chini ya jani ambalo mvua haikulifikia. Ukikosa, huwezi kusema hakuna aliyekufa hapa. Huenda ulipita juu yake.

Babu yangu kule Iringa alikuwa akimtafuta ng'ombe aliyepotea namna hiyo hiyo, kwa kutazama majani yaliyolala na yaliyosimama. Alikuwa na subira ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima. Nilipokuwa nasoma kuhusu hawa vijana wa Voyageurs, nilimwona yeye, fimbo mgongoni, ameinama.

Kutokana na magoti hayo, siyo kutokana na satelaiti peke yake, wameweza kuchora ramani ya mahali watoto wa kulungu wanapouawa. Mwaka 2023 walichapisha walichokiona: barabara, njia za msituni, sehemu zilizokatwa miti na makazi ya watu ndivyo vinavyoamua kwa sehemu kubwa mawindo yatokee wapi. Mbwa mwitu hupenda kutembea barabarani kama mimi na wewe, kwa sababu ni rahisi. Na msitu uliokatwa huota majani mapya ambayo kulungu huyafuata.

Niliposoma hapo niliweka simu chini, nikaenda kuchemsha chai.

Kwa sababu huku kaskazini kuna ugomvi mkubwa. Wawindaji wanasema mbwa mwitu wanamaliza kulungu. Wapenzi wa mbwa mwitu wanasema ni baridi kali, theluji ikizidi kulungu anazama na kuchoka. Minnesota ina mbwa mwitu kati ya 2,700 na 2,900 hivi, na kila msimu wa uwindaji kelele zinaanza upya: waondolewe kwenye orodha ya wanaolindwa, warudishwe. Waliondolewa Januari 2021, mahakama ikawarudisha Februari 2022. Katika kelele zote hizo sijasikia mtu anasimama na kuitaja ile barabara, wala shoka.

## Kati ya kundi na kundi

Kabla ya satelaiti kulikuwa na redio. Mwaka 1968 mtafiti David Mech alianza kuwafunga mbwa mwitu wa Minnesota kola za redio na kuwatafuta kwa ndege ndogo, antena imefungwa kwenye bawa. Humjui alikuwa wapi usiku kucha. Unajua alipo sasa hivi, ukiwa juu, kama hali ya hewa ilikuruhusu kuruka. Nukta moja, kisha kimya.

Lakini kwa nukta hizo chache, mwaka 1977 alieleza jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Kila kundi lina himaya yake, na kati ya himaya na himaya kuna ukanda ambao makundi yote mawili yanauogopa, kwa sababu ukikutana huko na jirani mnaweza kuuana. Mbwa mwitu hawakai sana katika ukanda huo. Kulungu wanakaa hapo. Wengi wanaosalimika katika miaka mibaya wanasalimika hapo, kwenye mpaka wa wagomvi.

Nimekulia kijiji kilichokuwa na mgogoro wa ardhi na kijiji cha jirani. Kwenye eneo la ugomvi hakuna aliyelima. Miti pale ilikuwa mikubwa kuliko mahali popote.

## Mzee

Nafanya kazi ya usiku kwenye kituo cha wazee. Wengine kumbukumbu zimewaondoka, na hao huvalishwa bangili kwenye kifundo cha mguu au mkononi. Akikaribia mlango wa nje, kengele inalia na jina lake linatokea kwenye skrini yetu. (Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili asitambulike mtu.)

Mzee mmoja alikuwa akija mlangoni karibu kila siku saa kumi na moja alfajiri. Kwenye daftari tuliandika hivi: saa, mlango, amerudishwa kitandani. Kurasa nzima. Mtu akisoma daftari lile atajua kila hatua aliyopiga yule mzee na hatajua chochote kumhusu.

Wiki mbili baada ya kumwona yule mbwa mwitu, kengele ikalia, nikaenda. Sikumshika mkono kumgeuza kama kawaida. Sijui kwa nini, labda kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimejaa nukta. Nikamuuliza anaenda wapi.

Akaniambia upepo umegeuka, ni lazima awe kwenye mti wake kabla hakujapambazuka.

Alikuwa mwindaji wa kulungu. Kila Novemba, miaka zaidi ya hamsini, alipanda kwenye jukwaa lake juu ya mti na kukaa kimya na bunduki magotini. Nikamletea kahawa, tukakaa pale mlangoni. Nikamwambia habari za kola, kwamba siku hizi watu wanajua mahali mbwa mwitu anapoua kulungu. Alisikiliza vizuri, kuliko nilivyotarajia.

Akasema: "Watu wote huniuliza nimeua wangapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilikaa siku ngapi bila kuona kitu."

Nilirudi kwenye dawati langu nikakaa nikitazama skrini.

Hilo ndilo lililokuwa linanikera, na sikuwa na maneno yake. Rundo la nukta linatokea pale mnyama alipopata. Alipokosa hasimami. Anamkurupusha kulungu, anamkimbiza mita mia mbili, kulungu anaruka mti ulioanguka, imekwisha, mbwa mwitu anaendelea na safari yake. Dakika tatu tu, katikati ya nukta mbili zinazoachana kwa dakika 20. Kwenye ramani ni mnyama anatembea. Kulungu aliyeponyoka haachi nukta.

Kwa hiyo ukizitazama ramani hizo, mbwa mwitu anaonekana ni mnyama anayetoka mlo huu kwenda mlo ule. Ukweli ni kwamba maisha yake yamejaa kukosa. Kule Yellowstone, hifadhi ya magharibi mwa Marekani ambako mbwa mwitu 14 waliletwa mwaka 1995 na wengine 17 mwaka uliofuata, mabonde yako wazi, na watu huwatazama kwa darubini kutoka vilimani wakiwinda wapiti, kulungu wakubwa wa magharibi. Huko wameona yale ambayo kola haiwezi kuandika: katika majaribio matano, si hakika kwamba hata moja litafanikiwa. Mara nyingi wapiti anasimama tu na kuwakodolea macho, nao wanaondoka. Teke moja la wapiti linavunja fuvu.

Kwenye misitu ya Minnesota huwezi kukaa kilimani ukatazama. Miti imefunga. Kukosa kote kunapotea.

## Hawa wa kwetu

Kilichonirudisha nyumbani ni lile jina. Siku moja nilitafuta habari za mbwa mwitu na kola kwa Kiswahili, nikaangukia kwenye habari za wale wa Afrika, wenye madoa. Nikafuata.

Huko Okavango, Botswana, watafiti wa Uingereza waliwavisha mbwa mwitu sita wa kundi moja kola ambazo, mbali na kuandika mahali, zinapima kila mshtuko wa mwili: kuanza mbio, kupinda, kusimama ghafla. Matokeo yakachapishwa 2016. Kola hizo ziliandika mbio zaidi ya 1,100. Zilizoishia kwa kushika mnyama ni kama asilimia 15.

Hatimaye, kola inayoona kukosa.

Na ilichokionyesha kiliangusha hadithi niliyofundishwa tangu shule ya msingi. Tulisoma kwamba mbwa mwitu hukimbiza swala kwa zamu, kilomita baada ya kilomita, huyu akichoka anapokea yule. Kule Okavango penye vichaka hawakuona hivyo. Waliona mbio fupi fupi, kila mmoja anamfuata swala wake, na faida ya kundi inakuja baadaye, kwenye kugawana chakula. Atakayepata, wote wanakula.

Hata kwa wale wa Yellowstone, mtafiti Dan MacNulty na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kuongeza mbwa mwitu kwenye mawindo ya wapiti kunasaidia mpaka wafike kama wanne. Wakizidi hapo, wanaoongezeka wanaelekea kubaki nyuma, wasije wakapigwa teke.

Sisemi hakuna ushirikiano porini. Okavango si Serengeti, na uwanda ulio wazi unaweza kudai mbio za namna nyingine. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na hakika kwa miaka mingi, na hakika yetu ilitokana na mbio chache ambazo mtu alibahatika kuziona mpaka mwisho.

## Shingo ya mwingine

Kuna jambo jingine sijalimaliza moyoni.

Ili umvishe mnyama kola lazima umshike. Voyageurs wanatumia mitego ya mguu, kisha sindano ya usingizi, kisha vipimo, damu, kola, na wanakaa naye mpaka aamke. Wanafanya kwa uangalifu, naamini. Lakini bado ni usiku wa hofu ambao yule mnyama hakuuomba. Na kola haimlindi. Desemba 2012 mbwa mwitu jike wa Yellowstone, namba 832F, aliyetazamwa na maelfu ya wageni, alipigwa risasi halali nje ya mpaka wa hifadhi akiwa na kola shingoni. Satelaiti ilijua alipo. Aliyekuwa na bunduki naye alijua.

Nimejaribu kujiuliza kama ningekuwa mimi mwenye kuamua, ningemvisha? Mwezi uliopita ningesema hapana. Leo nadhani ningemvisha, kwa sharti kwamba kuna mtu atakayekwenda kwa miguu kwenye kila rundo. Kumfunga mnyama halafu kubaki ofisini ukihesabu nukta ni kumwibia.

Kwa sababu wanaokwenda wanarudi na mambo ambayo hakuna aliyeyategemea. Walienda kwenye marundo yasiyo na mzoga, kando ya mabwawa, wakagundua kwamba mbwa mwitu mmoja anaweza kulala saa nyingi akimvizia biva, yule panya mkubwa wa majini anayejenga mabwawa kwa miti, na karibu kila mara anachagua upande ambao upepo hautampelekea biva harufu yake. Walimvisha mwingine kola yenye kamera, iliyorekodi sekunde 30 kila saa ya mchana kwa wiki sita, na ndani yake wakamkuta anakula samaki mtoni. Na mtafiti mmoja aliwahi kuona mbwa mwitu mkubwa akiwatapikia watoto chakula, na chakula chenyewe kilikuwa bluberi, vitunda vidogo vya msituni.

Bluberi! Nilimsomea mzee hili.

## Saa kumi na moja

Siku hizi kwenye daftari naongeza mstari mmoja. Zamani: "11:05, mlango." Sasa: "11:05, mlango. Upepo wa kaskazini. Anasema hawatatoka leo." Msimamizi wa zamu aliniuliza ni wa nini. Nikamweleza. Hakunikataza.

Jana kengele ililia tena. Nilimkuta amesimama, kofia kichwani, mkono kwenye kioo cha mlango. Nje kulikuwa na giza lile la bluu kabla ya jua. Nikasimama kando yake. Hakuniangalia. Akaweka kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze, nami nikanyamaza, tukatazama ukingo wa msitu ng'ambo ya maegesho ya magari mpaka kukapambazuka.

Hakikutokea kitu. Nimeandika hivyo pia.